Turubai na Mbavu Zake

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Methali ya kwanza inamcheka mtu anayefurahia kila kipya hata kikimwumiza. Ya pili inatukumbusha kwamba kamba iliyozeeka bado ina nguvu kuliko ukambaa uliosukwa jana. Ukizitazama vizuri utaona kwamba zote mbili zimesimama upande wa vya zamani. Lakini hakuna hata moja kati yake inayotuambia tufanye nini siku kamba yenyewe itakapokatika. Na itakatika tu, kwa maana hakuna kitu cha mkono wa binadamu kisichochakaa. Basi tunapobadilisha kilichochakaa, tunakuwa tumekitunza kitu chetu au tumekipoteza? Na ni kipi hasa tunachopaswa kukitunza?

Nitalijadili swali hili kwa mfano wa paa la gari. Msomaji asishangae. Walimu wa rika langu tulifundishwa chuoni kwamba somo jema huanza na kile mwanafunzi anachokijua, ndipo liende kwenye kile asichokijua. Na katika nchi hii ni wachache wasioijua Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover iliunda bodi ya aluminiamu na kuiweka juu ya fremu ya chuma. Paa lilikuwa turubai lililotandazwa juu ya mbavu za chuma na kufungwa kwa kamba. Lilikuwa gari la shamba. Likaja huku kwetu, likawabeba mabwana shamba, matabibu, mapadre, askari wa wanyamapori na wakaguzi wa shule. Gari la mwisho la umbo lile la zamani lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini huku kwetu bado yanatembea. Mwezi Oktoba 2024 yalikusanyika Arusha, mamia kwa mamia, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili yake.

Hapa Matongo liko moja, la mzee mwenzangu aliyestaafu kazi ya serikali. Alilinunua mnadani zamani. Limekwenda na kurudi Tarime mara zisizohesabika, limevuka mto Mara kuelekea Mugumu, limebeba maharusi, magunia ya mahindi, wagonjwa na majeneza. Ikafika masika moja turubai lake likasema basi. Lilikuwa limetiwa viraka hadi viraka navyo vikatiwa viraka. Mvua iliponyesha abiria walifungua miavuli wakiwa ndani ya gari.

Wanawe walitoa mashauri matatu. Mkubwa alisema gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wa pili alitaka juu ligongwe bati. Wa tatu, ambaye ni mfanyabiashara, aliona inatosha kununua turubai la plastiki, kama yale ya kufunikia malori, likakatwa na kufungwa kwa kamba, kazi ya asubuhi moja. Mzee aliwasikiliza wote, kisha akamwita fundi wa viti na maturubai kutoka mjini Tarime. Nami, kwa kuwa mstaafu hana kengele ya kuwahi, nilikwenda kuketi chini ya mwembe na kutazama kazi siku zote nne.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua kitambaa. Fundi hakulidharau turubai la plastiki. Alisema linazuia maji vizuri, ni jepesi na bei yake ni nafuu. Lakini halipumui: watu sita wakiketi ndani wakati wa mvua, pumzi zao hugeuka matone juu ya vichwa vyao. Tena jua likilipiga miaka kadhaa hukauka na kupasuka, na likishapasuka halishoneki vizuri. Maradufu ya pamba ni nzito na ghali zaidi. Hupitisha hewa, na ikipata maji nyuzi zake huvimba, hata vile vitundu vya sindano huzibwa na uzi wenyewe wa pamba ukishalowa. Lakini nayo ina maradhi yake. Ukiikunja ikiwa mbichi huota kuvu na kuoza. Niliandika maneno yake kwenye daftari langu: kila kitambaa kina ugonjwa wake, na kuchagua kitambaa ni kuchagua ugonjwa utakaoweza kuuangalia. Mzee alichagua maradufu, kwa sababu gari lake hulala bandani na yeye mwenyewe ana muda wa kulianika.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtoto wa tatu, alipoona shauri lake limeshindwa, alitaka angalau kazi iishe haraka. Akasema turubai la zamani lifumuliwe mishono, vipande vyake vitandazwe juu ya kitambaa kipya, fundi afuatishe kwa chaki na kukata. Mimi nilidhani ni shauri la busara. Fundi alitikisa kichwa.

"Mzee, nikilifuatisha hili," alimwambia mwenye gari, "nitakushonea na makosa yake."

Akatuonyesha. Pembeni kitambaa kilikuwa kimesinyaa kwa miaka ya kulowa na kukauka. Katikati kilikuwa kimelegea mahali maji yalipozoea kutuama. Zaidi ya hayo, ubavu wa nyuma ulikuwa umepinda, labda kwa mzigo wa siku nyingi, na turubai lilikuwa limejifunza kuufuata ule upindo. Kulifuatisha turubai lile kungekuwa kushona nguo mpya kwa kipimo cha mgonjwa. Kwa hiyo fundi aliunyoosha kwanza ubavu, ndipo akachukua vipimo vyake kutoka kwenye mbavu zenyewe.

Lakini hakulitupa lile la zamani, na hapa ndipo nilipomheshimu. Alilitundika mbele yake siku zote. Mbavu zilimwambia ukubwa. Hazikuweza kumwambia pete za kamba zikae wapi, mshono ukunjwe kuelekea upande gani ili maji yateleze badala ya kuingia, wala pazia la nyuma liwe na upana gani ili lizuie vumbi. Mahali pamoja alikuta kipande cha ngozi kimeshonwa kwa ndani. Wote tulidhani ni kiraka tu. Alipoliweka turubai juu ya gari aliona kwamba ngozi ile inakutana na kichwa cha bolti. Fundi fulani wa zamani, ambaye hakuna anayemkumbuka jina, alitambua kwamba chuma kitatoboa kitambaa hapo, akaweka kinga. Fundi wetu akashona ngozi mpya mahali pale pale.

Jambo la tatu lilikuwa la kufunga. Vijana walishika kamba na kuvuta kwa nguvu zao zote ili paa likaze kama ngoma. Fundi aliwazuia. Pamba ikilowa hujikaza yenyewe. Ukiimaliza nafasi yote wakati wa kiangazi, mvua ya kwanza itang'oa pete au kupasua kitambaa kwenye mshono. Aliye na hema la pamba hulijua hilo. Paa jipya, alisema, huachiwa nafasi kidogo ya kuzoeana na gari.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, gari lile ni lile lile? Wanafalsafa wameubishania mfano wa namna hii kwa karne nyingi. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, alieleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi jahazi ya shujaa wao Theseus, yenye makasia thelathini. Ubao ulipooza walitia mpya, na ukioza mwingine wakatia mwingine, hata wenye hekima wakagawanyika: hawa wakisema ni jahazi lile lile, wale wakisema silo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Alisema, tuchukulie kuna mtu aliyeziokota mbao zote kuukuu na kuziunganisha upya kwa mpangilio wake wa awali. Jahazi ya kweli itakuwa ipi?

Serikali nazo zimelazimika kulijibu swali hili, maana gari lina kadi na kodi. Kwa miaka mingi Uingereza ilitumia utaratibu wa alama kuamua kama gari lililoundwa upya linastahili kubaki na namba yake ya awali. Lilipaswa kupata angalau alama 8. Fremu ilikuwa na alama 5, springi na vishikizo vyake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini, ambayo wengi tungeidhani ndiyo roho ya gari, alama 1 tu. Turubai halikupewa hata alama moja. Kama mwalimu niliyesahihisha mitihani maisha yangu yote, naona wasahihishaji wale walifikiri vizuri. Walijua kwamba ziko sehemu zinazobeba na ziko sehemu zinazochakaa kwa niaba ya nyingine. Turubai liliwekwa juu ili lichakae lenyewe, yaliyo chini yake yapone.

Kuhusu mbao kuukuu za Hobbes, Matongo ilitoa jibu bila kubishana. Mke wa mzee alilichukua turubai la zamani, akalitandaza uani na kuanikia mtama. Sijaona mtu aliyekwenda kuketi juu yake akitazamia kufika Mugumu.

Mtu anaweza kusema kwamba gari ni gari tu, na kwamba kwa vitu vitakatifu mambo ni mengine. Mfano uko karibu. Pale Kasubi, Kampala, wamezikwa Kabaka wanne wa Buganda, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa kwanza mwaka 1882 kuwa jumba la Mutesa wa Kwanza. Nyasi za paa haziishi miaka mingi. Huezekwa tena, na ukoo wa Ngeye ndio wenye jukumu hilo kwa urithi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua. Watu walilia kama waliofiwa. Kisha wakaanza kujenga, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nyasi ni mpya zote. Lakini makaburi ni yale yale, ukoo wa kuezeka ni ule ule, na pete 52 za ndani ya paa bado zinahesabu koo 52 za Buganda. Waganda hawakusema kwamba Kasubi imekwisha. Walijua mbavu zake ni zipi.

Hapo ndipo ninapopatamani tufike sisi Wakurya, na sitazunguka. Tuna methali nyingine tuipendayo mno: mwacha mila ni mtumwa. Naikubali. Lakini nimekuwa mkuu wa shule katika wilaya hii, na nimeita majina ya wanafunzi kila mwezi Januari. Nayajua majina ya wasichana yaliyoitwa yakakosa sauti ya kuitikia. Desemba, shule zikifungwa, walikeketwa. Na kwa kuwa sasa wamehesabiwa kuwa wanawake, kabla ya mahindi kukomaa mahari ilikuwa imepokelewa. Baadhi yao walikuwa wa kwanza katika hesabu. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Nilipowauliza wazee sababu, jibu lilikuwa moja: ndivyo tulivyokuta. Yaani tandaza la zamani juu ya jipya, fuatisha kwa chaki, kata.

Nawauliza wazee wenzangu: katika desturi ile, mbavu ni zipi? Nadhani ni hizi. Mtoto hawi mtu mzima peke yake, bali jamii humpokea. Huwa na rika ambalo atasaidiana nalo hadi uzee. Hufundishwa na wakubwa adabu, kazi na siri za maisha. Hushangiliwa na kupewa zawadi, ajue kwamba kuzaliwa kwake hakukuwa bure. Hizo ndizo zinazobeba. Kisu hakibebi lolote kati ya hayo. Kituo cha Masanga, hapa hapa Tarime, kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, wakafundishwa na kushangiliwa bila kukatwa. Ukitaka kujua maana ya kupima kwenye mbavu badala ya kufuatisha kitambaa, maana yake ndiyo hiyo.

Najua kuna mzee atakayeniuliza: Mwalimu, ni nani aliyekupa wewe mkasi? Leo unasema hiki ni kitambaa, kesho utasema na mbavu ni kitambaa, mwishowe tubaki na magurudumu. Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa dharau. Mimi ninalo jaribio moja. Kiondoe kitu hicho, kisha uangalie kama kazi yote iliyobaki bado inafanyika. Jirani zetu Wajaluo walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya mbele ya chini. Wameiacha. Je, wamekoma kuwa Wajaluo? Lugha yao inasemwa, wafu wao wanaombolezwa kwa heshima ile ile, majina yao yanarithiwa. Basi meno yale yalikuwa kitambaa. Tena, paa halipimwi na anayelitazama kwa mbali. Hupimwa na anayeketi chini yake. Wasichana wetu waulizwe.

Lakini jaribio hilo hilo linawakata vijana pia, maana kuna turubai la plastiki katika maisha yetu. Zamani nyumba ya msonge ilipohitaji nyasi mpya, majirani walikuja. Wengine walikata nyasi, wengine walipanda juu, kina mama walipika, na wawili waliokuwa hawasalimiani walijikuta wamepokezana kamba. Leo tunaezeka mabati. Ni paa bora kuliko nyasi: halivuji, haliungui kwa cheche ya moto wa kupikia, na ningekuwa mnafiki kulisema vibaya nikiwa nimeketi chini yake. Ila bati huezekwa na fundi mmoja na msaidizi wake kwa siku mbili, na majirani huiona nyumba ikiwa imekwisha. Tulipobadilisha paa tulitupa na ile siku. Hatukuwa na haja ya kuitupa. Ilikuwa mbavu, nasi tukaidhania nyasi.

Kwa hiyo kosa laweza kufanyika kwa njia mbili. Anayefuatisha kitambaa cha zamani bila kupima mbavu huwarithisha watoto wake mikunjo na upindo wa wazee wake. Anayetupa kitambaa cha zamani kabla ya kukisoma hutupa pamoja nacho kile kipande cha ngozi, na atakijua umuhimu wake siku bolti itakapotoboa. Lolote tunalokabidhiwa, liwe gari, nyumba, shule au mila, linadai kazi zote mbili, na linazidai kwa utaratibu wake: kwanza kunyoosha kilichopinda, kisha kupima, kisha kukisoma cha zamani kikiwa bado kimetundikwa mbele ya macho, na mwisho kufunga bila kukaza kupita kiasi.

Kabla fundi hajaondoka aliomba karatasi, akaandika vipimo vyote: urefu, upana, nafasi ya kila pete. Pembeni mwa vile vipimo aliandika na sababu, kwamba hapa pana ngozi kwa ajili ya bolti, na hapa pameachwa nafasi kwa ajili ya mvua. Mzee aliihifadhi karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari. Turubai hilo nalo litachakaa, na huenda litakapochakaa yeye na mimi hatutakuwapo. Sisi wazee tumezoea kuwaachia watoto wetu amri. Tukiwaachia vipimo na sababu zake, wataweza kuchagua kitambaa chao wenyewe.